Miguu ya Kiti cha Kilonzo

Jumatano, mwezi wa kumi. Jua kali, na upepo wa vumbi kutoka upande wa Emali. Asubuhi mawingu yalikuja, yakatuangalia, yakaenda zao.

Daftari, leo sina salamu. Kilonzo hajala chakula cha mtu mzima tangu juzi.

Naandika polepole. Herufi nilizipata ukubwani, kwa darasa la gumbaru pale kanisani, na kalamu bado naishika kama mwiko. Lakini haya siwezi kumwambia Ndinda, mke wa mwanangu, wala mchungaji. Utayabeba wewe.

Kilonzo ni mume wangu. Ni fundi wa mbao. Au niandike alikuwa? Tangu ugonjwa wa kupooza umpige, wakati tunavuna mbaazi, upande wake wa kulia wote umelala na ulimi umelala nao. Macho hayajalala. Ananiangalia nikifagia na najua anaona pale nimeacha taka.

Sista wa hospitali ya misheni aliniambia wazi, na nilimpenda kwa huo uwazi. Akasema, "Mama, huyu akilala chali mchana kutwa, kifua kitajaa maji. Kupooza hakutamwua, ni hayo maji. Mkalishe. Asubuhi umkalishe, jioni umkalishe."

Kusema ni rahisi. Umkalishe juu ya nini?

Tuna benchi, haina mgongo. Tuna vigoda viwili vya miguu mitatu, hivyo ni vya mtu mwenye nguvu zake. Nikaazima kiti cha kanisa, kile cha mbao kilichosimama wima kama polisi. Hakina mikono. Kilonzo akaanza kuteleza kulia, polepole, kama gunia ambalo halijajaa, nami nikamzuia kwa kiuno changu mpaka uji ukapoa. Hicho nikakirudisha.

Kikabaki kiti chake mwenyewe.

Hicho kiti nitakieleza, kwa sababu shida yangu yote imo ndani yake. Kabla ya bendera ya Uhuru Kilonzo alikuwa akifanya kazi Makindu, akitengeneza meza na vitanda vya nyumba za reli. Siku moja bwana mmoja wa reli alimletea kiti kimevunjika mkono. Kilikuwa kimetoka Ulaya kwa meli. Kilonzo alikaa nacho siku nne. Kukitengeneza kulimchukua asubuhi moja, na siku zilizobaki alikuwa akikipima kwa kamba ya katani. Alipiga fundo kwa kila urefu. Akaja nyumbani na hiyo kamba mfukoni, na baada ya Uhuru, alipoacha kazi ya reli, akakichonga kiti chake kwa mukau, mti wetu ambao mchwa huuonja na kuuacha.

Mara ya kwanza kukiona nilicheka mpaka nikakaa chini. Viti vya watu vilikuwa vizito, vya miguu minene, vimekaa kama ng'ombe aliyeshiba. Hiki kilikuwa chembamba. Miguu minne ya mviringo, minene juu, inapungua ikishuka mpaka inafika chini kama ncha ya karoti, tena imetanuka nje kama ya ndama aliyezaliwa leo. Mikono miembamba, imepinda kidogo, imelainishwa kwa msasa mpaka ukiipapasa unadhani ni shingo ya kibuyu. Kati ya mkono na kikalio kuna nafasi tupu, upepo unapita. Nikamwambia, "Baba Musyoka, hiki kiti kimekwisha au umechoka?"

Akaniambia, "Kimekwisha. Nimetoa kila kitu ambacho hakifanyi kazi."

Kile cha Ulaya kilikuwa na kanda za mpira chini ya mto. Sisi tukakata tyubu ya lori, kanda za upana wa vidole vinne, akazisuka na kuzipigilia. Mito miwili niliijaza mimi, kwa pamba ya shamba letu wenyewe, nikaishona kwa sindano ya magunia. Vifungo vya mgongoni ni mimi. Kitambaa cha kijani tulinunua kwa duka la Mhindi. Kwa hivyo nusu ya kiti ni kazi yangu, lakini sikuwahi kukikalia. Kwetu kiti cha mume hakikaliwi na mke, wala na mtoto. Hata Kilonzo akiwa Makindu wiki mbili, kiti kilikuwa kinakaa peke yake kama mgeni.

Sasa ubaya wake. Ni kifupi. Tena kikalio kimeinama nyuma, kinakumeza, magoti yanapanda juu kuliko makalio. Ndivyo kilivyoundwa, ni kiti cha mtu aliyemaliza kazi. Kutoka humo unashika mikono yote miwili, unatupa kichwa mbele, unajisukuma. Mtu wa upande mmoja hawezi. Lazima ainuliwe. Na wa kumwinua ni mimi tu.

Ndinda ana nguvu za punda, Mungu ambariki, lakini Ndinda ni mke wa mwana. Hawezi kumshika baba mkwe wake mwilini. Sisi Wakamba tunaiita nthoni, ile heshima ya kuogopana, na haikusamehe kwa sababu mtu ni mgonjwa. Hata mlango wa chumba chetu haukanyagi. Musyoka mwenyewe, mume wake, yuko Mombasa kwa kazi. Wanaume wa majirani wanakuja Jumapili, wanamgeuza, wanaomba, wanaenda. Jumapili ni moja kwa wiki.

Wiki iliyopita tulianguka.

Nilikuwa nimemkumbatia, nimehesabu moja, mbili, tatu kama sista alivyonifundisha. Kwa tatu goti langu likakataa. Tukaenda chini wote wawili, yeye juu yangu. Nikajaribu kutoka, nikashindwa. Tulilala pale sakafuni tangu jua la utosi mpaka Ndinda aliporudi kutoka mtoni na punda wa maji. Nakuambia wewe peke yako, daftari: kwa muda nilicheka. Nikamwambia hatujalaliana hivi tangu mtoto wa mwisho azaliwe. Halafu nikahisi kifua chake kinavyokoroma juu ya kifua changu, yale maji ambayo sista alisema, na kicheko kikaisha.

Ndinda aliingia sebuleni, akatuona, akageuza uso ukutani. Akaninyoshea mkono nyuma bila kuangalia, akanivuta. Kisha nikapitisha leso chini ya Kilonzo, Ndinda akashika ncha za leso, si mtu, akavuta huku macho yake yako kwa kalenda. Baadaye nilimkuta nyuma ya jiko akilia. Nikamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Wewe umevuta leso."

Hapo nikaamua kiti kiongezwe urefu.

Jumatatu akaja Muthama, fundi wa soko la Emali, anayetengeneza vitanda na, kama unavyojua siku hizi, masanduku ya kuzikia. Kijana mzuri, mdomo mwepesi. Akakizunguka kiti, akapiga mluzi.

"Susu," akaniita, kama bibi yake, "hiki ni kiti cha wazungu wavivu."

"Mzungu mvivu ni mume wangu?"

"Nimesema nini sasa." Akapiga magoti akaangalia chini yake, na pale nikaona anaheshimu anachokiona. "Hii miguu siwezi kuiunga ikaongezeka. Imelala. Ukirefusha mguu uliolala, unazidi kwenda nje, watu watajikwaa na kiti kitapasuka. Tunaikata yote minne, tunaweka miguu ya mraba, iliyosimama. Kitakuwa kiti cha watu."

Nikasema kata. Sikufikiria. Kichwa changu kilikuwa kwa kifua cha Kilonzo na kwa sufuria iliyokuwa inaungua. Muthama akasema hapa ndani hakuna mwanga wa kupimia, akakitoa mito, akakipindua, akakitia kichwani miguu juu, akatoka nacho kwa mlango wa mbele.

Daftari, mimi ni mwanamke mzee na hili nalijua tangu utotoni. Kwa ukoo wa Kilonzo kiti cha mzee hutoka nyumbani miguu juu mara moja tu. Ni siku watu wamerudi kutoka kaburini, kabla hakijapewa mtoto wa kwanza. Hata ukikihamisha kufagia, unakiburuta miguu chini. Muthama ni wa ukoo mwingine, hakujua. Mimi nilijua. Nilikuwa nakoroga sufuria.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kilonzo alikuwa kitandani, ameegemezwa kwa mito. Akaona kiti chake kinapita juu ya kichwa cha mtengeneza masanduku, miguu ikiangalia paa, na mke wake ameshika mwiko anaangalia.

Sikusikia sauti. Nilipoingia alikuwa amegeukia ukuta. Alijigeuza mwenyewe, mtu ambaye kumgeuza kunanichukua pumzi zote.

Tangu wakati huo mdomo wake umefungwa. Si ugonjwa. Mdomo wa ugonjwa naujua, uko wazi upande mmoja na uji unatoka. Huu ameufunga.

Jumatatu jioni nilimbembeleza. Jumanne nilimgombeza. Jumanne jioni nilipiga magoti kando ya kitanda, na magoti yangu unayajua, nikamweleza yote, kwamba nilikuwa nataka kumwinua, si kumtoa. Aliangalia ukuta. Nikaleta kijiko, akabana meno. Maji anapokea kidogo nikilowesha kitambaa. Kifua kinakoroma zaidi.

Muthama aliacha kiti uani, akasema anarudi Alhamisi na msumeno wenye meno madogo. Alhamisi ni kesho.

Asubuhi ya leo niliogopa kwa kweli. Nilipoamka nilimsikiliza kwanza kabla ya kusogea, na katikati ya pumzi na pumzi palikuwa na nafasi ndefu. Nimeogopa njaa, nimeogopa kuzaa, nimezika watoto wawili. Hofu ya leo ilikuwa na aibu ndani yake. Akifa hivi, atakuwa amekufa akiamini kwamba nilimtangulizia kiti.

Nikamwita Ndinda tukashika kiti, yeye mbele mimi nyuma, miguu chini, tukakirudisha. Yeye akaishia kwenye mlango wa chumba. Mimi nikakiburuta mpaka kando ya kitanda. Nikarudisha mito.

Kilonzo ukuta tu.

Nikakaa.

Sijui nani alinituma. Nilichoka na nilikuwa na hasira, na nilitaka afanye kitu, hata anipige na ule mkono wa kushoto. Zile kanda za tyubu zikalia chini yangu, sauti ambayo nimeisikia miaka zaidi ya ishirini nikiwa jikoni, na ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiitoa. Nikamwita kwa jina lake, ambalo mke halitaji ovyo.

"Kilonzo. Geuka uone mwizi."

Halafu mgongo wangu ukafika kwa mgongo wa kiti.

Nitaandika hili kisha niendelee. Mgongo wangu umebeba maji, kuni, watoto saba, mahindi ya msaada kutoka barabarani. Haujawahi kubebwa. Kile kiti kiliushika kutoka kiunoni mpaka mabegani, na mikono yangu ikaenda yenyewe juu ya ile mbao, na kitu ndani yangu kikalegea ambacho sikujua kimekaza. Nikaelewa alichopima kwa ile kamba yenye mafundo. Machozi yakatoka bila kuniuliza.

Nilipofungua macho alikuwa amegeuka.

Hakuniangalia usoni. Alikuwa anaangalia chini yangu, kwa kikalio, kwa miguu ya kiti. Nikaona aibu, nikataka kuinuka. Sikuweza. Nilishika mikono nikajisukuma, nikarudi. Mara ya pili, nikarudi. Kwa mara ya tatu nikasema, "Unaona? Unaona kiti chako kinavyofanya mtu? Mimi nina mikono miwili na miguu miwili, na kimenikamata kama mtego wa kanga. Wewe nitakutoaje?"

Akaendelea kuangalia. Yale hayakuwa macho ya mgonjwa. Ni macho ya siku nne za Makindu.

Kisha mkono wa kushoto ukatoka ndani ya blanketi ukaelekeza sakafuni, pale naweka kile kijiko cha makaa ya kufukuzia mbu. Nikajiviringisha kutoka kitini kama mtoto, nikampa kipande cha kaa kilichozimika. Akaanza kuchora kwa ukuta tuliopaka chokaa Krismasi.

Mkono wa kushoto haukuwahi kuwa mkono wake. Mstari ulitetemeka. Akachora kitu kirefu, kimelala, chini kimenyooka, upande mmoja kirefu kwenda juu kuliko upande wa pili. Kirefu. Chembamba. Kimelala chini.

Nikaona ni sanduku.

 Nikamwambia, na sasa nilikuwa napiga kelele, nadhani mpaka kwa majirani, "Sichongi sanduku la mtu anayepumua. Hata ukichora ukuta mzima. Hata ukichora na kaburi. Mwite Muthama mwenyewe kama unataka, mimi sitamwita."

Akapiga ukuta na kaa. Likavunjika. Na kutoka kooni mwake kukatoka sauti, nzito, ya hasira, ya kwanza tangu mbaazi. Ndinda kutoka mlangoni akauliza, "Mwaitu, mama, ni nani huyo?"

"Ni mwenye nyumba," nikamwambia.

Kilonzo akaokota kile kipande kilichobaki. Juu ya ule mchoro akachora mguu wa karoti, umetanuka nje, ncha yake imeingia kwenye shimo dogo ndani ya lile sanduku langu. Akachora wa pili. Akaegemea, anahema, ananiangalia kama fundi anavyomwangalia mwanafunzi mjinga.

Nikaangalia. Nikaangalia kiti. Nikaangalia tena ukuta.

Halikuwa sanduku. Ni ubao. Mbao mbili nene, moja kila upande, kama viatu vya kiti. Kila ubao una mashimo mawili ya kuingiza ncha za miguu. Nyuma ubao ni mrefu zaidi kwenda juu, mbele ni mfupi. Kiti kizima kinapanda, na kikalio kinaacha kumeza mtu, kinamsogeza mbele. Miguu haikatwi hata ukucha. Kikitakiwa kushuka tena, unakiinua tu kutoka kwa viatu vyake.

Nikampimia kwa vidole kwa kando ya kitanda. Nyuma vidole vingapi? Akafunga na kufungua mkono, kisha akaongeza vitatu. Vinane. Mbele? Mkono mmoja. Vitano. Nikaandika hapa hapa ndani yako, ukurasa wa nyuma, nisije nikasahau: nane na tano.

Nikaleta uji. Niliupika wa wimbi, mwepesi, na sukari iliyobaki yote. Nikasogeza kijiko. Mdomo ukafunguka. Alimeza vijiko vinne. Cha tano akakataa, akaelekeza ukuta kwa kidevu. Kazi kwanza.

Kilonzo wangu huyo. Siku zote chakula kilikuwa kinapoa kwa sababu ya kazi.

Sasa ni jioni, jua bado liko kwa mlango na naandika hapa kizingitini. Nimetafuta mbao. Muthama anatumia mbao laini za sokoni, na mbao laini zitapasuka kwa yale mashimo. Kilonzo alipoona nimemletea kipande cha kreti alifumba macho kwa dharau. Ni mukau anataka, na mukau mnene katika boma hili uko mahali pamoja tu, mlango wa ghala. Aliuchonga mwenyewe.

Nimeenda kuuangalia. Ndani ya ghala kuna madebe mawili matupu yaliyoinamishwa, pamoja na panya aliyekata tamaa. Ndinda aliposikia akashika kichwa, akasema watu watasema tumeng'oa mlango wa ghala katikati ya kiangazi, ni kama kumwambia Mungu tumeacha kungoja mvua. Nikamwambia Mungu ana macho, ataona mbao zimekwenda wapi. Yeye hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Sijidanganyi. Vijiko vinne si chakula cha mtu mzima. Kifua bado kinakoroma, nakisikia hadi hapa. Sijui kama ameamua kuishi, au ameamua tu kiti chake kisikatwe miguu na mtu wa sokoni, na kikishavaa viatu atageukia tena ukuta. Nimejaribu kuyasoma macho yake nikashindwa. Miaka yote hii, na nimeshindwa.

Sitamwuliza. Nitachukua sababu yoyote iliyo na kijiko ndani yake.

Muthama akija nitamwambia msumeno auelekeze ghalani. Akibisha nitampeleka mbele ya ule ukuta asimame asome. Kisha nitampikia mzee uji kabla hajaanza kuelekeza watu kazi, maana akianza hatasikia.

Je, kesho atafungua mdomo?